Mama Alipokuwa Mgeni wa Bukoba

Macho ya mama yalifunguliwa Mwanza. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiishi ndani ya ukungu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, taratibu, mpaka akawa anamimina chai pembeni ya kikombe na kusalimia migomba akidhani ni watu. Baba alipougua na hatimaye kufariki, mama alikuwa pembeni ya kitanda chake siku zote, lakini uso wake hakuuona. Aliniambia alimjua kwa sauti, na sauti ilipokwisha alimjua kwa mkono.

Nilimtoa nyumbani kwake Kibeta, juu ya mji wa Bukoba, nikamleta Mwanza ninakofundisha jiografia katika shule ya sekondari. Akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, kisha la pili. Siku daktari alipobandua ile pamba ya mwisho, mama alinitazama kwa muda mrefu, akanigusa shavu.

"Kumbe umezeeka," akasema.

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Baada ya hapo alitaka kurudi kwake tu. Kahawa ilikuwa inaiva, na ingawa wifi yangu, mke wa kaka, anakaa nyumba ya jirani na alikuwa akiangalia kila kitu, mama aliamini shamba haliangaliwi na mtu mwingine. Daktari alisema asafiri, ila akwepe vumbi na avae miwani myeusi. Ndipo mwalimu mwenzangu akanieleza habari za meli iliyokuwa inapeleka watu kutalii ziwani wakati wa likizo. Haikuwa safari ya kuvuka na kufika kama tulivyozoea. Meli hii ingekwenda polepole, itie nanga kwenye visiwa vya Muleba, kisha Bukoba, kisha irudi. Abiria wangeshushwa kila mahali watembee, halafu warudi kula na kulala melini. Nikachukua nafasi mbili. Mama angeshukia Bukoba na kubaki, mimi ningerudi na meli Mwanza.

"Watu wanapanda meli wasiende popote?" mama aliniuliza.

"Wanakwenda kuangalia, mama."

"Basi hiyo ni safari yangu. Mimi sasa ni mtu wa kuangalia."

Maisha yake yote alikuwa ameisikia meli ikilia asubuhi kutoka chini ya mlima. Lakini aliipanda mara moja tu, zamani, akiwa na mimba yangu, na alilala juu ya mikungu ya ndizi iliyokuwa inapelekwa sokoni. Safari hii alipewa kitanda chenye shuka nyeupe, na dirisha la duara ukutani. Alilifuta lile dirisha kwa ncha ya kanga yake, akaweka uso pale, akakataa kuondoka.

Jioni ile ya kwanza tulikaa sitahani. Ziwa lilikuwa limetulia kiasi kwamba hukuona lilipoishia. Maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji, na mbingu ilikuwa na rangi hiyohiyo, na meli ilikuwa inapita katikati yake bila haraka, kama kitu kinachowazwa. Mama aliuliza kila kitu jina.

"Lile ni nini?"

"Wingu."

"Na lile pale?"

"Kisiwa."

"Mbona vimefanana?"

Nilikuwa nimefundisha habari za visiwa kwa miaka mingi, lakini kwa kweli pale, katika mwanga ule, vilikuwa vimefanana.

Wakati wa chakula cha jioni mhudumu mkuu wa meli, mwanamke mrefu aliyevaa sare nyeupe, alisimama katikati ya meza akatueleza utaratibu. Kesho yake tungetia nanga kwenye visiwa vya Muleba. Waliotaka kutembezwa na mwongozaji wangevaa kadi ya kijani shingoni, waende pamoja na kurudi pamoja. Waliotaka kujitembeza wenyewe wangevaa kadi ya njano, waende watakako, ila wawe wamerudi ufukweni kabla honi ya pili haijalia.

Pale mezani tulikuwa na mzee mmoja na mkewe, wastaafu kutoka Dodoma. Mzee alichukua kijani bila kufikiri.

"Mimi nimeongoza watu ofisini maisha yangu yote," akasema. "Sasa nataka mtu mwingine ndiye ahangaike. Akipotea, kapotea yeye. Mimi nimo nyuma yake tu."

Mkewe alicheka. "Huyu hata kwenda msikitini anataka mtu wa mbele."

Mimi nilichukua njano, mbili. Nimewapeleka wanafunzi matembezi ya masomo mara nyingi sana, kwenye machimbo, kwenye mito, kwenye viwanda, na najua jinsi maelezo ya mwongozaji yanavyoweza kukufungia kitu badala ya kukufungulia. Unaambiwa hapa ndipo pa kutazama, unapatazama, unaondoka. Nilitaka mama aone kwa macho yake mwenyewe, basi. Nilimvisha kadi yake shingoni naye akainamisha kichwa kama anavishwa medali ya sherehe kanisani.

Asubuhi tuliamka meli imesimama. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na majabali ya Muleba yalikuwa yametokeza juu ya ukungu bila miguu, na maporomoko membamba ya maji yakishuka kutoka juu kama nyuzi. Mashua ikatupeleka kisiwani, wale wa kijani wakaenda upande mmoja wakimfuata kijana mwenye kipaza sauti, sisi wa njano tukatawanyika.

Nilimshika mama mkono tukafuata njia ya katikati ya mawe. Nilikuwa nimetazama ramani usiku, nikajua kuna kilima kidogo ambacho ukifika juu unaona visiwa vyote. Nilitaka afike pale. Lakini kabla hatujapanda tukatokea mahali wanapoanika dagaa. Walikuwa wametandazwa juu ya nyavu mchangani, eneo kubwa, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linapenya ukungu. Mama alisimama.

"Nini kinawaka?"

"Ni dagaa, mama."

Alivua miwani yake. Nikamkataza, akaivaa tena, kisha akachungulia kwa juu yake. Dagaa walikuwa wanameta kama bati jipya, na upepo ulipopita kule kumeta kulihama kutoka upande huu kwenda upande ule. Mwanamke mmoja aliyekuwa anawageuza kwa fagio alimwona mama ameduwaa, akamsogezea ndoo iliyofudikizwa.

"Kaa, mama. Umechoka?"

"Sijachoka. Nilikuwa kipofu," mama akamjibu, kwa namna mtu anavyosema nilikuwa sokoni.

Yule mwanamke alimtazama, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akampa fagio. Mama akaanza kugeuza dagaa. Mimi nikasimama pale nikitazama kilima changu, nikisema, "Mama, twende, juu kuna mandhari nzuri zaidi," naye akisema, "Naja, mwanangu, naja," huku haji. Mwishowe nikamvuta. Ndiyo, nilimvuta, kwa upole, lakini nilimvuta. Tulipanda. Kulikuwa na nyasi ndefu na mbigili, na mama alikuwa anatazama miguu yake tu asianguke. Tulipofika juu ukungu ulikuwa umerudi tena, na hatukuona kisiwa hata kimoja. Tulikuwa tumesimama ndani ya weupe mtupu, tukisikia makasia mahali fulani chini, na watu wakiongea karibu kabisa na masikio yetu ingawa hawakuwepo.

"Pazuri," mama akasema kwa adabu.

Kisha honi ikalia, na sikuweza kujua kama ni ya kwanza au ya pili. Tulishuka kwa haraka kadiri miguu yake ilivyoruhusu, na tulipofika ufukweni mashua ya meli ilikuwa imeshang'oka. Yule mwanamke wa dagaa ndiye aliyeita mvuvi mmoja aliyekuwa anakausha mtumbwi wake. Tukapanda humo, mama akakaa katikati ya nyavu mbichi, na mvuvi akapiga kasia kimya kimya. Meli ilitokea ghafla juu yetu ukunguni, ukuta mweupe mrefu. Waliteremsha ngazi. Mama alipandishwa na mabaharia wawili, magamba ya samaki yamemganda kwenye kitenge, na wale wastaafu wa Dodoma wakampigia makofi.

Nilidhani amefurahi. Mchana, tulipokuwa tumekaa tena sitahani na meli imeanza kuelekea kaskazini, nikamwambia, "Unaona, mama? Hao wengine wametembezwa kama kondoo. Sisi tumekwenda wenyewe."

Akawa anabandua gamba moja moja kwenye kitenge chake na kuliangalia dhidi ya mwanga.

"Hatukwenda wenyewe," akasema. "Wewe ulikwenda mwenyewe. Mimi nilikuwa na mwongozaji. Tena mkali."

Hakuwa amekasirika. Alisema hivyo kama anavyosema kwamba chumvi imezidi. Lakini lilinichoma. Nikamwuliza angetaka nini kesho, Bukoba.

"Kijani," akasema.

"Mama! Bukoba ni kwako! Mwongozaji atakuonyesha nini? Si nikupeleke nyumbani moja kwa moja?"

"Nyumbani nitafika tu, hakuhami. Nataka kusikia wanawaambia nini wageni." Akashusha miwani yake puani akanitazama kwa macho yale mapya. "Na wewe vaa kijani. Usinivute."

Tuliingia Bukoba jua linachomoza. Ninakuja nyumbani kila mwaka, lakini huwa naja kwa basi, nashukia stendi, napanda bodaboda, nafika. Sikuwa nimewahi kuona mji ukija hivi kutokea majini: kwanza kilele cha kisiwa cha Musira, jiwe tupu, kisha vilima nyuma yake, kijani juu ya kijani, kisha minara ya kanisa kuu ikiwa myeupe katikati ya miti, kisha moshi wa jikoni za watu. Mama alinyoosha kidole kuelekea kwenye mteremko mmoja.

"Kibeta ile pale."

"Umeijuaje?"

"Nakaa pale," akasema.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke wa umri kama wa mdogo wangu wa mwisho, kofia ya ukindu kichwani, viatu vya mvua miguuni. Alituhesabu, akatukaribisha kwa Kiswahili, akauliza kila mtu katoka wapi. Dodoma, Dar es Salaam, Mwanza, Mwanza. Zamu ya mama ilipofika nilitega sikio.

"Mwanza," mama akasema. Na kweli alikuwa ametoka Mwanza.

Mwongozaji akamshika mkono wake kwa mikono miwili. "Karibu sana kwetu, mama. Umewahi kufika Bukoba?"

"Macho yangu haya hayajawahi."

Basi dogo likatuzungusha mjini. Mwongozaji alitueleza habari za mto Kanoni unaopita katikati ya mji, habari za wamisionari na kanisa, habari za tetemeko lililowahi kuangusha kuta. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, mkoba wake mapajani, akitikisa kichwa. Kanisa ambalo amefungia ndoa na kubatizia watoto wake wote alilitazama kutoka chini mpaka juu msalabani kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Sokoni tulishuka. Mwongozaji alitueleza majina ya ndizi: hizi za kupika, hizi za kuchoma, hizi za kukamua juisi. Mama akauliza, "Na hizi za kupika mnapikaje?" Yule mwanamke akamweleza, na maharage, na samaki, na majani ya mgomba ya kufunikia sufuria, kwa maneno mengi na mikono mingi, na mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lazima ni tamu."

Nilijibana nisicheke. Lakini nilipomtazama vizuri niliona kwamba yeye hachezi. Alikuwa anasikiliza kweli. Alikuwa na uso ule ambao wanafunzi huwa nao mara moja moja, jambo linapoingia.

Kutoka sokoni tulikwenda mtaa wa Hamugembe kwa miguu. Kule nyumba na migomba vimechanganyika. Unapita baina ya ukuta wa mtu na shamba la mtu, bodaboda zinakupigia honi nyuma, kisha ghafla zinapotea na unabaki na kivuli na sauti ya majani. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mwanga ulikuwa unachujwa na migomba ukawa wa kijani, na watu wote tuliokuwa kwenye mstari ule tulikuwa na nyuso za kijani, hata mzee wa Dodoma, hata mkewe. Mwongozaji alipunguza sauti bila kuambiwa. Akatueleza kwamba hiki kinaitwa kibanja, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na kwamba kila kinachotoka ndani ya nyumba, maganda, majivu, takataka za jikoni, kinarudi shambani, ndiyo maana migomba ya babu bado inazaa kwa mjukuu.

Mzee wa Dodoma akaona makaburi mawili ya saruji katikati ya migomba, karibu sana na mlango wa jikoni wa nyumba moja. Akauliza, kwa heshima, kwa nini mnazika hapa na si makaburini.

"Mhaya hahami kibanja," mwongozaji akajibu. "Akifa anasogea tu upande wa pili wa migomba. Asubuhi unafagia, unamsalimia. Ukipika, harufu inamfikia. Watoto nao wanacheza pale juu, na hakuna anayewafukuza."

Nilimtazama mama. Baba amelala nyuma ya nyumba yetu Kibeta, kwenye kivuli cha mibuni aliyoipanda mwenyewe. Miwani myeusi ilikuwa imemfunika, lakini alikuwa amebaki nyuma ya mstari, ameyaelekea makaburi yale. Mke wa yule mzee aliona, akadhani amechoka, akampa mkono. Mama akaupokea. Wakatembea hivyo, wameshikana, mpaka tulipofika mwisho wa ziara.

Mwisho wa ziara ulikuwa nyumbani kwa mama mmoja anayepokea wageni wa namna yetu. Alikuwa ametandika majani makavu na mikeka sebuleni, ameandaa ebitoke, zile ndizi za kupika, na maharage, na juisi ya ndizi kwenye kibuyu. Alitoka mlangoni akitabasamu, ametanda vitenge viwili vinavyofanana, akasema karibuni, karibuni, kisha akamwona mama.

Nilimjua na mimi wakati huohuo. Alikuwa akiimba kwaya moja na mama. Wameketi benchi moja tangu sijazaliwa. Alikuwa amekuja kulia kwetu msiba wa baba, siku nne mfululizo.

Mdomo wake ulifunguka. Mama akaweka kidole kwenye kadi yake ya kijani, akaigonga kidogo. Yule mama akafunga mdomo. Waliangaliana, na sijui walisemezana nini kwa macho, maana mmoja alikuwa na macho mapya na mwingine alikuwa na ya siku zote, lakini nilimwona mwenyeji anavuta pumzi na kujinyoosha. Kisha akapita kwa kila mgeni akigawa akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni kwetu hupewa atafune kabla ya lolote. Alipomfikia mama, akapiga magoti mawili chini kabisa, akanyoosha kikapu kwa mikono yote.

"Karibu, mgeni wetu."

"Asante sana, mama," mama akasema kwa Kiswahili safi cha mbali. Akachukua punje mbili, akatafuna, akafumba macho. "Kitu gani hiki kizuri?"

"Ni kahawa yetu, mama. Huko kwenu hamna?"

"Huko kwetu ipo. Lakini hatujawahi kupewa. Huwa tunatoa tu."

Yule mama aliinamisha kichwa haraka, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Mwongozaji alidhani ni sehemu ya ukarimu, akatufafanulia maana ya kupiga magoti.

Tulikula. Mama alipakuliwa wa kwanza, kama mgeni mkubwa kwa umri. Mtu ambaye kwa maisha yangu yote nimemwona akila mwisho, amesimama, sahani mkononi, akitazama nani amemaliza, alikaa mkekani amenyoosha miguu, akaongezewa, akaongezewa tena. Wageni walisifu chakula. Mzee wa Dodoma alisema angejua watu wanaishi hivi angeomba uhamisho ujana wake. Mama alikuwa anamsikiliza kila mmoja.

Tulipoinuka kuondoka, wenyeji na wageni wakipeana mikono, yule mama alimvuta mama kando nyuma ya mlango. Nilisikia Kihaya cha haraka, cha chini chini. "Umeona! Unaona!" akawa anarudia, amemshika mama uso kwa viganja viwili, akimgeuza huku na huku. Mama akasema, "Kasinge waitu," asante sana, basi, na akarudi kwenye mstari.

Mwongozaji alitutangazia kwamba ziara imekwisha. Basi lilikuwa linarudi bandarini, lakini anayetaka anaweza kujitembeza mpaka saa ya meli. Mama alimshika mwongozaji mkono.

"Mwanangu, sikujua kama tunaishi vizuri hivi," akamwambia. "Nyumba ile, migomba ile, hata wafu wetu. Nimeyaona hayo yote kila siku, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia."

Mwongozaji akamtazama kwa mshangao. Ndipo mama akaeleza, kwa Kihaya, yeye ni nani na anakaa wapi. Yule mwanamke alijifunika uso kwa kofia yake. "Na mimi nimekufundisha kupika ebitoke, mama!"

"Ulifundisha vizuri. Ungekosea ningekwambia." Akavua kadi ya kijani, akaikunja ndani ya kiganja cha mwongozaji. "Mimi nimefika. Huyu," akanionyesha, "ndiye mgeni. Sasa namtembeza mwenyewe."

Tulipanda Kibeta kwa miguu, polepole. Sikumshika mkono. Alikuwa mbele, mimi nyuma, na aliposimama nilisimama. Alisimama mara nyingi. Alisimama kwenye ua wa maua mekundu wa jirani ambao alikuwa anaujua kwa harufu tu. Alisimama mahali njia inapogeuka na ziwa linaonekana lote, na kule chini meli yetu ilikuwa kama kijiko cheupe kilichosahaulika kwenye meza ya buluu. Nilijikuta siwazi saa. Nilikuwa na usingizi wa ajabu, usingizi wa mtu anayetembea, na migomba ilikuwa inaongea kwa sauti ileile ya utotoni, kama vitambaa vinavyokunjwa chumba cha pili.

Wifi yangu alitukimbilia uani akipiga vigelegele. Mama alimkumbatia, akamtazama, akamwambia amenenepa vizuri. Kisha hakuingia ndani. Alizunguka nyumba akapita jikoni, akaenda mpaka kwa baba.

Nilibaki mbali kidogo. Kaburi lilikuwa na majani makavu juu, na kahawa ilikuwa imeiva kila upande, nyekundu. Mama hakuwa ameliona kaburi lile. Alikuwa ameligusa tu. Aliinama akayaondoa majani moja moja kwa mkono, akasoma jina kwa kidole na kwa macho pia, taratibu, herufi kwa herufi. Kisha akakaa kwenye ukingo wa saruji, akaanza kumsimulia. Alimsimulia dagaa wanaowaka. Alimsimulia dirisha la duara. Alimsimulia mwanamke aliyempigia magoti na kumwita mgeni. Alicheka alipofika hapo. Alisema, "Ningekuona uso mara moja tu ningeshukuru, lakini basi," na akaendelea na habari za mzee wa Dodoma anayetaka uhamisho.

Mvua ilianza ghafla, kama inavyoanza kwetu. Tulikimbilia ndani. Mama alinitandikia kitanda cha chumba cha watoto, akanifunika, mimi mwenye miaka hamsini kasoro, na mvua ikapiga bati mpaka hakukuwa na sauti nyingine duniani. Nilijiambia nitafumba macho kidogo. Nilipoyafumbua, mvua ilikuwa imeacha, mwanga wa dirishani ulikuwa wa dhahabu, na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akichambua kahawa.

"Meli?" nikauliza.

"Imekwisha kwenda. Ilipiga honi, nikakutazama, nikaona unalala vizuri." Hakuonyesha dalili yoyote ya kujuta. "Leo hakuna wa kukuvuta."

Nilimpigia simu yule mhudumu mkuu wa meli. Alicheka. Akasema kila safari kuna mtu anayebaki Bukoba, na begi langu litanisubiri Mwanza. Usiku ule tulikula mapema, mimi, mama na wifi, na mama alijipakulia wa mwisho kama kawaida yake. Lakini aliketi.

Kesho yake nilipanda basi. Mama alinisindikiza mpaka stendi, na kabla ya kupanda aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba mama yake yeye alizaliwa Kimwani, kule mbali kusini ya Muleba, akaletwa Bukoba akiwa msichana wa kuolewa, na hakurudi tena.

"Ukipita pale, tazama," akasema. "Kisha uje uniambie."

Basi lilipita Muleba saa za asubuhi, visiwa vikiwa upande mmoja vimejitenga na mawingu, safari hii nikavijua kipi ni kipi. Baadaye sana barabara ikawa nyekundu pembeni, migomba ikapungua, yakaja mashamba ya mahindi na mihogo, mapana, yenye watu waliotawanyika ndani yake. Nilimwuliza kondakta hapa ni wapi. Akasema Kimwani. Hakukuwa na kituo cha maana, basi lilipunguza mwendo tu kumshusha mtu mwenye gunia. Nikafungua dirisha nikatazama. Mwanamke mmoja shambani aliacha jembe, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akatutazama na yeye, mpaka basi likaondoka.